Mlango Mmoja kwa Wote: Chuo Kikuu, Palestina na Haki ya Kukutana



Ndugu wasomaji, tangu Oktoba 2023 ni vigumu kukaa kwenye baraza la kahawa hapa Pemba, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, bila kusikia habari za Gaza. Misikitini watu wa Palestina huombewa dua. Kanisani nasi tunawaombea, kwa kuwa mjini Gaza ipo parokia ya Familia Takatifu, ambayo Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa akiipigia simu karibu kila jioni mpaka siku chache kabla ya kufariki kwake Aprili 2025. Msiba huu umefika hata nyumbani Tanzania. Vijana wetu wawili waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo waliuawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023, na mwili wa mmoja wao ulishikiliwa Gaza hadi Novemba 2025.

Vijana wa parokia zetu walioko vyuoni wanakutana na mjadala huo kila siku. Wenzao wanataka kuitisha makongamano ya kuwaunga mkono Wapalestina. Wengine wanasema mikutano ya namna hiyo isipewe ukumbi. Basi swali la somo hili ni hili: je, chuo kikuu kinafanya vema kuupokea mkutano wa wanafunzi wanaosimama upande mmoja katika ugomvi mkubwa kama huu? Na chuo hicho kikiwa cha Kikatoliki, je?

Tutalijibu kwa utaratibu tunaojifunza katika falsafa. Kwanza tutaeleza maana ya maneno, kisha tutaangalia mambo yaliyotokea kweli, hapa kwetu Tanzania na kwingineko. Baada ya hapo tutazisikiliza hoja za wanaopinga, ndipo tutoe jibu.

1. Maneno matatu tusiyachanganye

Ugomvi mwingi juu ya jambo hili unatokana na kuchanganya maneno matatu: kuruhusu, kukaribisha na kuunga mkono.

Tuchukue mfano wa barza. Mwenye nyumba anayewaacha watu wacheze bao kwenye barza yake ameruhusu. Anayewatandikia mkeka na kuwaletea kahawa amekaribisha. Lakini anayeinama nyuma ya mchezaji mmoja na kumnong'oneza acheze shimo lipi, huyo ameunga mkono. Matendo haya matatu yanaweza kufanyika kwenye barza moja, alasiri moja, na bado yakabaki matatu.

Tofauti hiyo ina uzito katika maadili. Tunafundishwa kwamba mtu huhesabiwa kuwa ameshiriki kosa la mwingine kwa kadiri ya nia yake na kwa kadiri tendo lake lilivyokaribia kosa lenyewe. Anayetaka kile anachotaka mkosaji ameshiriki kwa moyo wake. Anayetoa nafasi ya wazi kwa kanuni inayowahusu wote, bila kutaka kosa lolote litendeke, hayuko mahali hapo hapo. Hata hivyo hayuko huru kabisa, maana anajua nani ameingia nyumbani mwake. Ndiyo sababu mwenyeji ana wajibu wake, nasi tutaufikia.

2. Yaliyotokea Mlimani

Wengi wetu tunadhani ugomvi wa vyuo na mikutano ya kisiasa ni mambo ya Marekani. La. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kiliyaona hayo zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki waliunda pale chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, kilichojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Uganda. Mwalimu Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa karibu nao. Walikuwa na darasa la itikadi kila Jumapili, na mwaka 1968 baadhi yao walikwenda Msumbiji kuyaona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. Kwao mshikamano na watu wanaopigania nchi yao ulikuwa sehemu ya masomo.

Mwaka huo huo wa 1968 ilikuwapo siku ambayo wanafunzi walivaa matambara na kupita mjini kukusanya fedha za hisani. Wanamapinduzi waliona kwamba huko ni kuwadhihaki maskini, maana maskini havai matambara kwa mchezo. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na hata leo Mkristo angefaidika kuitafakari. Lakini hawakuishia kwenye hoja. Waliizuia shughuli yenyewe isifanyike.

Novemba 1969 walianzisha jarida lao, Cheche. Mwaka 1970 jarida hilo lilitoa toleo maalumu lenye andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini Tanzania. Andiko hilo liliuliza nani hasa anayashika mashirika yaliyotaifishwa kwa jina la wananchi. Novemba mwaka huo amri ikatoka: USARF ivunjwe na Cheche isichapishwe tena. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, na kwamba jina la jarida limeazimwa kutoka gazeti la Lenin, kwa hiyo linabeba itikadi ya kigeni.

Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Rais mwenyewe, Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Tukumbuke kwamba Oktoba 1970, mwezi mmoja tu kabla ya amri ile, alikuwa New York akiwahutubia masista wa Maryknoll. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litapoteza maana yake mbele ya watu hao. Hatusemi hayo ili kumshusha Mwalimu. Tunayasema ili tuone kwamba hata mtu mwema, anayewapenda maskini kwa dhati, anaweza kuona vigumu kuvumilia swali linaloulizwa nyumbani kwake.

Je, swali lilikufa? Halikufa. Mwaka 1971 jarida lilirudi kwa jina jingine, MajiMaji, chini ya Umoja wa Vijana, na maswali yakaendelea. Rodney naye aliendelea kufundisha pale hadi 1974.

Sasa tuifikie Palestina. Katika miaka ya 1960 Tanzania na Israel zilikuwa na uhusiano mzuri, na Waisraeli walisaidia katika mambo ya ushirika na ya Jeshi la Kujenga Taifa. Baada ya vita vya Juni 1967, Mwalimu aliueleza msimamo wa nchi kwenye mkutano wa TANU huko Mwanza, Oktoba mwaka huo. Alisema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kuundwa kwa Israel kulikuwa uchokozi kwa Waarabu, lakini dola hiyo ipo na haina budi kutambuliwa. La pili, Israel haiwezi kuachiwa nchi ilizoziteka kwa vita. Oktoba 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israel. Ulirudishwa mwaka 1995, na ubalozi wetu Tel Aviv ukafunguliwa mwaka 2018. Katikati ya hapo, mwaka 1988, Tanzania ililitambua taifa la Palestina.

Juni 1974 Mlimani kukafanyika Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, katika Ukumbi wa Nkrumah. Wajumbe walitoka Afrika, Karibiani na Marekani. Miongoni mwa maazimio yake lilikuwamo azimio kuhusu Palestina. Hivyo chuo kilekile kilichokifunga chama cha wanafunzi mwaka 1970 kilikuwa mwenyeji wa kongamano lililosema wazi habari ya Palestina mwaka 1974. Tofauti ilikuwa nini? Safari hii serikali ilikubaliana na wageni. Na hata hapo si wote walioingia. Vyama vya Karibiani vilivyopingana na serikali za kwao havikuruhusiwa, na mzee C.L.R. James, mmoja wa waliolipigania kongamano hilo tangu mwanzo, hakuhudhuria kwa sababu hiyo.

Tukiyapanga matukio haya matatu kwa mstari, tunaona jambo moja. Mwaka 1968 wanafunzi waliwafungia wenzao mlango. Mwaka 1970 serikali iliwafungia wanafunzi hao. Mwaka 1974 mlango ulifunguliwa kwa waliokubalika na ukafungwa kwa wasiokubalika. Kila mara mwenye nguvu ndiye aliyeshika ufunguo, na kila mara alikuwa na sababu nzuri. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

3. Yaliyotokea Georgetown

Tutoke Mlimani twende kwenye chuo cha Kikatoliki kilichopambana na swali letu lenyewe. Georgetown, kilichopo Washington, ni chuo cha Wayesuiti kilichoanzishwa mwaka 1789. Tarehe 17 hadi 19 Februari 2006 kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa tano wa harakati ya wanafunzi wa Marekani ya mshikamano na Palestina. Mikutano ya nyuma ilikuwa imefanyika Berkeley na Michigan mwaka 2002, Ohio State mwaka 2003 na Duke mwaka 2004. Lengo lao kubwa lilikuwa kuvitaka vyuo viuze hisa zao katika makampuni yanayofanya biashara na Israel.

Kelele zilikuwa nyingi. Waliopinga walisema harakati hiyo imekataa kulaani mashambulio ya Wapalestina dhidi ya raia, kwa madai kwamba si kazi yake kuwaamulia Wapalestina njia za kupigania haki yao. Waliuliza: chuo chenye msalaba ukutani kitawezaje kuwapa ukumbi watu wanaoshindwa kusema kwamba kuwalipua abiria ndani ya basi ni dhambi?

Rais wa chuo wakati huo alikuwa John DeGioia, mlei wa kwanza kukiongoza. Jibu la chuo lilikuwa kwamba kina kanuni ya uhuru wa kusema inayowahusu wanafunzi wote, kwamba walioomba ukumbi wamefuata kanuni hiyo, na kwamba kupokea mkutano si kukubaliana nao. Mkutano ukafanyika.

Duke, miaka miwili nyuma, uongozi ulijibu vivyo hivyo, nao wanafunzi Wayahudi walifanya jambo la kuigwa. Badala ya kukaa na uchungu wao tu, waliandaa tamasha lao la kupinga ugaidi, wakasema yao hadharani katika siku zilezile. Chuo kikawa na sauti mbili badala ya moja.

Tusidhani kwamba njia hiyo ni rahisi siku zote. Septemba 2023 University of Pennsylvania kilikuwa mwenyeji wa tamasha la fasihi ya Kipalestina, na wafadhili wakubwa wakakasirika. Majuma mawili baadaye vita vikalipuka. Desemba, baada ya kuhojiwa bungeni kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi vyuoni, rais wa chuo hicho, Liz Magill, alijiuzulu. Kuwa mwenyeji kuna gharama.

4. Hoja za wanaopinga

Mtakatifu Thoma wa Akwino ametufundisha adabu moja ya kutafuta ukweli. Kila anapoanza swali hutanguliza hoja zinazopingana na jibu lake, tena huzieleza kwa nguvu zake zote. Basi nasi tuseme: inaonekana kwamba chuo kisiupokee mkutano wa namna hii.

Hoja ya kwanza. Jina la chuo ni heshima. Neno likisemwa chini ya mwembe ni neno tu, lakini likisemwa katika ukumbi wa chuo kikuu linapata uzito ambao huenda halistahili. Kwa hiyo kukaribisha ni kuunga mkono nusu.

Hoja ya pili. Chuo kipo kwa ajili ya kutafuta ukweli. Mkutano wa watu waliokwisha kuamua hautafuti ukweli, unatafuta wafuasi. Kazi hiyo ni ya vyama vya siasa, ifanyike huko.

Hoja ya tatu. Maneno huua. Mwanafunzi Myahudi akipita penye kelele za kuilaani Israel anaweza kuogopa kwenda darasani. Na mahali penye dini mbili, kama hapa visiwani, cheche ndogo inaweza kuunguza amani yote.

Lakini kwa upande mwingine tunaona katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, kwamba Paulo alisimama Areopago, mbele ya watu wasiokuwa na imani yake, akasema. Waathene hawakukubaliana naye, wengine walimcheka, lakini walimpa nafasi. Laiti wangeshika kanuni ya kutomsikiliza mgeni, hotuba ile isingesemwa.

5. Jibu

Tunajibu kwamba chuo kikuu, hata cha Kikatoliki, kinaweza kwa haki kuupokea mkutano kama huo, ila kwa masharti. Sababu yetu si kwamba maneno yote ni sawa. Ni kwamba ukweli huingia akilini kwa kuelewa, haumezwi kwa amri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilifundisha jambo hilo kuhusu dini katika tamko la uhuru wa dini la Desemba 1965, na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, alitambua uhuru wa kitaaluma ndani ya mipaka ya ukweli na manufaa ya wote.

Historia nayo inatusaidia. Mwaka 1210 sinodi ya Paris ilikataza kufundisha vitabu vya Aristotle kuhusu maumbile. Kufikia 1255 vitabu hivyo vilikuwa masomo ya lazima katika chuo kikuu cha mji uleule. Na Thoma, aliyefundisha pale, hakuogopa kukaa kitabuni na Ibn Sina na Ibn Rushd, ambao ni Waislamu, pamoja na Rabi Musa bin Maimuni, ambaye ni Myahudi. Alichukua lililo kweli kwao, na alipotofautiana nao alieleza kwa nini. Katika majira ya Majilio na Kwaresima chuo cha Paris kilikuwa na mijadala ambamo mtu yeyote aliweza kuuliza swali lolote, na mwalimu akapaswa kujibu.

Masharti tunayaona kuwa manne.

Kwanza, kanuni iwe moja na itangazwe mapema. Wanaoiunga mkono Palestina wakipewa ukumbi, wanaotaka kuwakumbuka mateka wa Israel nao wapewe kwa utaratibu uleule.

Pili, maswali yaruhusiwe. Anayetaka ukumbi wa chuo akubali kuulizwa. Kama kuna kikundi kinachokwepa kulaani mauaji ya raia, swali hilo waulizwe pale pale ukumbini, watu wote wasikie jibu au ukimya wao. Ukumbi uliofungwa ungewapunguzia kazi ya kujibu.

Tatu, uhai na heshima ya binadamu visiguswe. Kuikosoa serikali ya Israel ni halali, kama ilivyo halali kuikosoa serikali yoyote. Kuwachukia Wayahudi kwa kuwa ni Wayahudi ni dhambi. Vivyo hivyo kuilaani Hamas kwa matendo yake ni halali, lakini kumwona kila Mpalestina kuwa gaidi ni dhambi. Anayeita watu wauawe amejitoa mwenyewe katika mjadala.

Nne, mwenyeji aseme lake. Akishafungua mlango asijifiche. Chuo cha Kikatoliki kina wajibu wa kusema wazi Kanisa linafundisha nini, wageni wakiwapo na wakiwa wameondoka.

Sasa tuzijibu hoja. Kwa hoja ya kwanza tunasema kwamba ni kweli jina la chuo lina uzito, na ndiyo maana ya sharti la nne. Uzito huo unaondolewa kwa mwenyeji kusema, si kwa mgeni kunyamazishwa. Kwa hoja ya pili tunasema kwamba wakili naye ana upande, lakini mahakama isiyosikiliza mawakili haifiki kwenye haki. Ukweli wa chuo hauletwi na kila mkutano peke yake, unaletwa na chuo kizima kinaposikiliza huyu na yule. Kwa hoja ya tatu tunasema kwamba chuo kinawajibika kumlinda mwanafunzi na vitisho, na wajibu huo hauna mjadala. Lakini kutishwa ni kitu kimoja, na kusikia jambo linalouma ni kitu kingine.

6. Kanisa linasema nini kuhusu Nchi Takatifu

Tulisema mwenyeji aseme lake. Basi mwamini aulizwapo, ajibu nini?

Wapo waamini wanaosoma jina Israel katika Zaburi na kudhani kwamba kila uamuzi wa serikali ya Israel ya leo umebarikiwa na Biblia. Tutofautishe. Taifa la Israel la Maandiko ni watu wa Agano, na katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965 Kanisa linatufundisha kuwaheshimu Wayahudi kama ndugu na kukataa kila chuki dhidi yao. Tamko hilohilo linatutaka tuwatazame Waislamu kwa heshima. Dola ya Israel iliyoundwa Mei 1948 ni dola kama nyingine, nayo hupimwa kwa haki na sheria kama nyingine.

Kiti Kitakatifu kilitia saini mkataba na Israel tarehe 30 Desemba 1993, na mkataba na Taifa la Palestina tarehe 26 Juni 2015. Kanisa linataka mataifa mawili yakae kwa amani. Huo si woga wa kuchagua. Lina watoto wake pande zote, na wengi wetu husahau kwamba kuna Wapalestina Wakristo, Bethlehemu na hata Gaza. Oktoba 2023 Patriaki wa Yerusalemu, Kardinali Pierbattista Pizzaballa, alisema yuko tayari kujitoa mwenyewe ili watoto waliotekwa na Hamas waachiliwe. Julai 2025 kanisa la Familia Takatifu lilipigwa na kombora la jeshi la Israel, watu watatu wakafa, na paroko akajeruhiwa. Mtu mwenye kuyajua haya mawili hawezi kuwalilia watu wa upande mmoja tu.

7. Na sisi wa Pemba?

Kwa hesabu ya sensa ya 2022 Pemba ina watu zaidi ya laki tano, na sisi Wakatoliki ni wachache sana kati yao. Kwa hiyo swali hili kwetu si la kujifurahisha akili.

Pemba inajua maana ya mkutano kuzuiwa. Tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana kuupinga uchaguzi wa Oktoba 2000, ingawa maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku. Polisi walifyatua risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa visiwani, wengi wao hapa Pemba, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Zipo nyumba ambazo bado zinauhesabu mwaka kuanzia siku hiyo. Kilichopooza jeraha ni watu kuketi na kuzungumza, na Oktoba mwaka huo CCM na CUF wakatia saini Muafaka.

Nasi waamini tunayo kumbukumbu yetu. Tarehe 17 Februari 2013 Padre Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi huko Unguja alipokuwa akienda kuadhimisha Misa ya Jumapili. Hofu iliyofuata ingaliweza kutufanya tutamani kila sauti tusiyoipenda ifungwe. Lakini tufikiri vizuri. Kanuni inayosema kwamba anayewaudhi wengi asikusanyike, hapa kwetu ingetupata sisi kwanza. Maandamano ya Ekaristi, kwaya ya Krismasi, kengele ya kanisa, vyote vinasimama juu ya kanuni ileile inayompa kijana wa Kiislamu haki ya kuitisha kongamano la Palestina katika chuo chake. Tukiing'oa kwa ajili yake, tumeing'oa kwa ajili yetu.

Haki hiyo ina upande wa pili, nao tunawaambia majirani zetu kwa upendo. Katika chuo ambamo karibu kila mtu yuko upande wa Palestina, anayehitaji kulindwa ni yule mmoja anayetaka kusema habari za vijana wetu wawili waliouawa tarehe 7 Oktoba. Na katika parokia ambamo wengi wanaishangilia Israel, anayehitaji kusikilizwa ni yule anayesimama kuwaombea watoto wa Gaza.

Tukialikwa kwenye kongamano kama hilo, twende. Tukae, tusikilize mpaka mwisho, tuulize kwa adabu, na tukiulizwa tujibu kwa ukweli wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda mwenyeji atakayepona ni sisi.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ukumbi wa parokia yetu ukiombwa na kikundi tusichokubaliana nacho, tutatumia kanuni gani kuamua? Je, kanuni hiyo tungeipenda tukiwa sisi ndio waombaji?

2. Wanafunzi wa Mlimani mwaka 1968 walikuwa na hoja nzuri, kisha wakatumia nguvu. Ni wapi nasi tunafanya hivyo, nyumbani au katika jumuiya?

3. Tunapozungumza na majirani zetu Waislamu kuhusu Gaza, huwa tunajua kilichotokea au tunarudia tulichotumiwa kwenye simu?

4. Katika sala za waamini, je, tunawaombea Wapalestina na Waisraeli kwa pamoja?

Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee.